Kitui Inaishi kwa Novemba, Bajeti Yake Inaishi kwa Juni

Miaka michache iliyopita, wiki moja kabla ya Krismasi, mbegu za msaada zilifika kijijini kwetu, upande wa mashariki wa kaunti ya Kitui, nchini Kenya. Zilikuja kwa pikapu, zikashushwa chini ya mti karibu na duka, watu wakaitwa majina mmoja mmoja. Mama alipata pakiti mbili za mahindi na moja ya ndengu. Nilikuwa nimefika likizo, nikamsaidia kuzibeba. Mvua ilikuwa imeanza wiki ya kwanza ya Novemba, na siku ile tuliyopokea mbegu ilikuwa imebaki manyunyu ya jioni yasiyofika kwenye mizizi. Mama alifungua pakiti moja ya mahindi akamimina punje kiganjani. Zilikuwa nyekundu kwa dawa ya kuzihifadhi. Akazitazama, akaniambia, "Hizi siwezi kupanda, na siwezi kupika." Akaifunga tena, akaitundika juu ya jiko, moshi uilinde na wadudu.

Nilipouliza kilichotokea, sikumpata mzembe hata mmoja. Bajeti ilipitishwa Juni. Fedha zikachelewa hadi Oktoba. Zabuni ikatangazwa, mshindi akapatikana, mbegu zikaagizwa, gari likafika Desemba. Kila hatua ilikuwa na karatasi yake na sahihi yake. Ila katika karatasi zote hizo hapakuwa na mahali palipoandikwa siku ambayo mvua ya Kitui huanza.

Ndiyo maana nimechoka kusikia Kitui ikielezwa kwa neno moja, "ukame", kana kwamba hilo linamaliza mjadala. Hali ya hewa ya kwetu ni ngumu, lakini ina utaratibu wake, na utaratibu huo unajulikana tangu zamani. Kaunti inapata chakula chake kwa Novemba. Fedha zake zinafuata kalenda inayofika kileleni mwezi Juni. Mbegu za mama zilipotelea katikati ya kalenda hizo mbili, na mengi mengine hupotelea hapo hapo.

Tuanze na mvua yenyewe. Kitui ina zaidi ya kilomita za mraba 30,000, na sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,136,187 wanaoishi humo. Ardhi inateremka kutoka vilima vya mita zipatazo 1,800 juu ya usawa wa bahari hadi nyanda za mita 400 hivi, kuelekea mto Tana na mbuga ya Tsavo Mashariki. Vilimani mvua ya mwaka hufika milimita 1,000, kiasi kisichopishana sana na cha Nairobi. Ukishuka nyandani unakuta 500, na mahali pengine chini ya hapo. Kwa hiyo mtu anayesema Kitui haina mvua amekosea, na anayesema ipo ya kutosha amekosea vilevile, kwa sababu kuna jua. Joto la mchana hupanda hadi nyuzi 34, na jua hilo lina uwezo wa kufyonza zaidi ya milimita 1,500 za maji kwa mwaka kutoka mahali palipo wazi. Maji yanayobaki juu ya ardhi Kitui yana siku za kuhesabika. Lazima yaingie chini, au yaingie kwenye mmea, haraka.

Halafu mvua hiyo haisambai mwaka mzima. Inakuja mara mbili: masika, Machi hadi Mei, na vuli, Oktoba hadi Desemba. Wakamba wana majina yao, mbua ya uua na mbua ya nthwa. Vitabu vya shule nilivyosomea viliita masika "mvua ndefu" na vuli "mvua fupi", na nina hakika majina haya yametudhuru. Mtoto anayejifunza kwamba nchi yake ina mvua kubwa na mvua ndogo anakua akidhani ile kubwa ndiyo ya kilimo. Kule Trans Nzoia na Uasin Gishu, ambako magunia ya taifa huhesabiwa, hilo ni sawa. Kitui ni kinyume. Masika hayaaminiki, na mipango ya maendeleo ya kaunti yenyewe inakiri hivyo. Mawingu hukusanyika mwezi Machi, yakatanda, yakaondoka na upepo, na ule usemi wa dalili ya mvua ni mawingu ukabaki kuwa wa watu wa kwingine. Vuli ndiyo inayojaza ghala. Mahindi, kunde, mbaazi, mtama na ndengu vya kulisha nyumba mwaka mzima hutegemea hasa wiki sita au nane kati ya mwisho wa Oktoba na katikati ya Desemba.

Wiki sita au nane. Mahindi ya Katumani, aina iliyotengenezwa katika kituo cha utafiti cha Katumani huko Machakos kwa ajili ya maeneo kama haya, huhitaji takriban miezi mitatu kukomaa. Ina maana hata mbegu ya haraka humalizia maisha yake kwa unyevu uliobaki udongoni baada ya mvua kukatika. Ukipanda mvua ya kwanza inaponyesha, au ukatangulia kidogo ukapanda kwenye vumbi, unapata zao. Ukichelewa siku kumi, unapata majani ya ng'ombe. Wanaopanda kavu wanabahatisha kwa mbegu yao wenyewe, kwa sababu mvua ya uongo ikinyesha kidogo na kupotea, mbegu huota na kufa. Nimewaona majirani wakipanda shamba moja mara tatu katika msimu mmoja. Mara ya tatu walitumia zile kunde walizokuwa wameweka za kula.

Jambo lifuatalo linanishangaza kuliko yote, na sijui kwa nini hatulizungumzi kila siku. Msimu huu tunaoutegemea ndio ambao wanasayansi wanauona mapema zaidi. Vuli ya Afrika Mashariki inaongozwa kwa sehemu kubwa na joto la bahari. Upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi, ulio karibu nasi, ukipata joto kuliko upande wa Indonesia, mvua huongezeka huku. Ndivyo ilivyokuwa 1997, 2019 na 2023. La Niña, yaani maji ya Pasifiki kupoa kuliko kawaida, ikitawala, vuli hunyauka. Ndivyo ilivyokuwa 2010, na 2020, na 2021, na 2022. Bahari haibadiliki haraka kama upepo. Kufikia mwisho wa Agosti ishara huwa zimeshaonekana, na wataalamu wa kituo cha utabiri wa hali ya hewa cha IGAD, jumuiya ya nchi za Pembe ya Afrika, pamoja na Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya hutoa mwelekeo wa msimu wakati huo. Masika ni shida kutabiri, kwa sababu yanaendeshwa na vitu vingi vidogo vinavyobadilika wiki kwa wiki. Vuli hutupa taarifa miezi miwili kabla.

Si kila utabiri unatimia, na si kila utabiri unasikilizwa. Mwaka 2023 nchi ilionywa kuhusu mvua kubwa za El Niño, kisha mwezi Oktoba serikali ikatangaza kwamba haitakuja kwa ukubwa uliohofiwa. Kufikia Novemba na Desemba mafuriko yalikuwa yameua watu zaidi ya 100 nchini. Hata hivyo, mkulima anayepewa taarifa yenye makosa kidogo mwezi Septemba ana nafasi ya kufanya jambo. Anayepewa mbegu Desemba hana.

Sasa tuitazame kalenda ya pili. Mwaka wa fedha wa Kenya huanza tarehe 1 Julai. Bunge la kaunti hupitisha bajeti kufikia mwisho wa Juni. Miezi mitatu inayofuata ndiyo ambayo kaunti hukosa pesa zaidi: mgao kutoka Hazina Kuu huchelewa, magavana hulalamika kila mwaka, mishahara hutangulia, na miradi husubiri. Ripoti za Msimamizi wa Bajeti za robo ya kwanza zimekuwa zikionyesha mwaka baada ya mwaka kwamba kaunti nyingi hutumia fedha kidogo mno kwa maendeleo katika miezi hiyo, na nyingine hazitumii chochote. Pesa huanza kutembea Januari, hushika kasi Aprili, na Juni kila idara inakimbia kumaliza zilizobaki kabla mwaka haujafungwa.

Weka kalenda hiyo juu ya mvua ya Kitui uone. Mbegu zinatakiwa ziwe nyumbani kwa mkulima kabla ya katikati ya Oktoba. Silanga, yale mabwawa ya udongo tunayonyweshea mifugo, huchimbwa tope Agosti na Septemba yakiwa makavu. Matuta ya fanya juu, ambayo jina lake la Kiswahili sasa linatumika na wataalamu dunia nzima, huchimbwa kabla mvua haijaja, udongo ukirushwa upande wa juu ili maji yasimame shambani. Mashimo ya zai, yale ya kupandia yanayokusanya maji, vivyo hivyo. Mabwawa ya mchanga hujengwa mto ukiwa mkavu, na mto wa Kitui huwa mkavu kwa uhakika kuanzia Juni hadi Oktoba. Kazi zote za kupokea mvua zinaangukia robo ile ile ambayo kaunti haina pesa. Pesa zikifika, mvua imeshapita, au iko juu ya ukuta ambao saruji yake haijakauka.

Nataka nikae kidogo kwenye mabwawa ya mchanga, kwa sababu ni kitu cha kwetu na watu wengi wanaoyasifu hawajawahi kuona moja likifanya kazi. Mito mingi ya Kitui ni ya msimu. Ikitoka mvua kubwa, maji hushuka na mchanga kwa saa chache, kisha yanatokomea kuelekea Tana. Ukuta wa mawe na saruji hujengwa kukatiza mto, ukikaa juu ya mwamba. Mafuriko yakija, mchanga mzito hutuama nyuma ya ukuta, tope jepesi hupita juu na kwenda zake. Baada ya misimu michache nyuma ya ukuta kumejaa mchanga mtupu, na ndani ya mchanga mna maji, kati ya robo na theluthi ya ujazo wote, wakati mwingine zaidi. Jua haliwezi kuyafikia yakishuka chini ya mita moja hivi. Shirika la SASOL lilianza kujenga mabwawa haya Kitui miaka ya 1990 pamoja na wanakijiji, ambao walibeba mawe na kusomba maji wenyewe, na leo yapo kwa mamia.

Nenda kwenye bwawa moja mwezi Septemba, saa kumi na mbili asubuhi. Utaona punda wamepanga foleni, kila mmoja na mitungi minne ya lita 20. Mwanamke amepiga magoti kwenye shimo lililozungushiwa miiba ili mbuzi wasiingie. Anachota kwa kibuyu kilichokatwa, anasubiri maji yapande tena, anachota. Maji yana baridi. Umesimama kwenye mto ambao mgeni angesema umekufa, jua linachoma kisogo, na chini ya viatu vyako kuna maji ya mvua ya mwaka jana. Pasipo na bwawa, mwanamke huyo huyo angekuwa ametembea tangu saa tisa usiku.

Ndiyo sababu suala la mchanga linaniumiza. Malori yanayobeba mchanga usiku kwenda kujenga majumba mjini yanabeba tangi la maji la kijiji. Mwaka 2018 serikali ya kaunti chini ya Gavana Charity Ngilu ilipiga marufuku usafirishaji wa mchanga na makaa kutoka Kitui, kukawa na mvutano mkubwa. Watu wengi walizungumzia makaa na miti, na walikuwa na haki. Mchanga ulizungumziwa kidogo kuliko ilivyostahili. Mti unaota tena, mukau hasa, ambao kwetu unavumilia kiangazi na kutoa mbao nzuri. Mchanga wa mto unategemea mafuriko mengine na ukuta mwingine.

Na mafuriko yapo, hata katika miaka ya njaa. Tarehe 4 Desemba 2021 basi lililobeba wanakwaya na jamaa zao kwenda harusini lilijaribu kuvuka mto Enziu, upande wa Mwingi, likasombwa. Watu zaidi ya 30 walikufa. Nchi ililia. Baada ya huzuni nilitazama takwimu za msimu ule, nikakaa kimya. Vuli ya 2021 ni moja ya misimu mitano mfululizo iliyohesabiwa kuwa imefeli, kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, kiangazi kibaya kuliko chote katika miaka 40. Mvua iliyoshindwa kukuza mahindi ilikuwa na nguvu ya kuzamisha basi. Maji yale yalikuwa ya Kitui. Yalipita Kitui kwa siku moja, yakaua, yakaenda.

Wazee wanajua mchanganyiko huu. Wakamba huipa kila njaa jina, na njaa ya 1961 waliita yua ya ndeke, njaa ya ndege, kwa sababu kiangazi kilifuatwa na mafuriko yaliyokata barabara, chakula kikaangushwa kutoka angani.

Wapo watakaonijibu kwamba nazungumzia karatasi wakati dunia inapata joto, na kwamba kalenda nzuri haitazuia mabadiliko ya tabianchi. Sikatai joto. Kundi la wanasayansi la World Weather Attribution lilichunguza kiangazi cha 2020 hadi 2022 na kutoa matokeo yake Aprili 2023: ongezeko la joto linalosababishwa na binadamu lilifanya ukame wa namna ile uwe na uwezekano wa kutokea angalau mara 100 zaidi, hasa kwa sababu jua linafyonza unyevu mwingi zaidi kutoka udongoni na kwenye mimea. Masika yenyewe yamekuwa yakipungua tangu miaka ya 1980. Lakini tuielewe habari hii vizuri. Ikiwa hewa inazidi kunyonya maji, basi kila siku ambayo mbegu inachelewa inagharimu zaidi kuliko ilivyogharimu zamani za nyanya yangu, na kila silanga lisilochimbwa tope kwa wakati lina hasara kubwa zaidi. Joto linaipa nguvu hoja ya kalenda.

Wengine husema mbegu zilizochelewa zipandwe masika. Mama alifanya hivyo. Ndengu zilimpa gorogoro tatu. Mahindi yalifika kiunoni, yakatoa mbelewele, mvua ikakatika Aprili.

Wapo pia wanaosema suluhisho ni kuacha mahindi. Hapo nusu yangu inakubali. Mtama, mawele na ndengu vinastahimili kiangazi kuliko mahindi, na ndengu zina soko. Ila mtu hawezi kula ndengu mwaka mzima, na anayetaka watu wabadilishe zao lazima awafikishie mbegu ya zao jipya kabla ya Oktoba, kwa hiyo tunarudi pale pale. Hata mavuno yana tarehe zake. Mwaka 2004 mahindi yaliyovunwa wakati mvua isiyo ya kawaida ikinyesha yaliwekwa ghalani na unyevu, yakaota sumukuvu, na watu 125 wakafa kati ya 317 waliougua, wengi wao wa Makueni na Kitui. Turubai za kuanikia na magunia mazuri ni vitu vya Januari. Vikiletwa Mei, sumu imeshaliwa.

Nini kifanyike? Kwanza, sheria ya ununuzi wa umma ya 2015 inaruhusu mikataba ya ugavi ya hadi miaka mitatu. Kaunti inaweza kuchagua wauzaji wa mbegu mara moja, kwa ushindani, kisha kila Agosti ikaagiza kiasi na aina kulingana na utabiri, bila kuanza zabuni upya. Utabiri ukisema La Niña, agizo liwe la mtama na ndengu kwa wingi, na wafugaji waambiwe wauze mbuzi Septemba wakiwa bado na nyama, kuliko Februari wakiwa mifupa. Pili, fedha za silanga, matuta na mabwawa ya mchanga zitengwe katika bajeti ya mwaka uliotangulia, zitumike kununua saruji na vyuma kabla ya Juni, ili Julai mafundi waanze kazi na vifaa vikiwa tayari. Badala ya kukimbia Juni kununua viti vya ofisi, idara inunue saruji. Tatu, na hili ni la Nairobi, mgao wa Julai na Agosti kwa kaunti kame utolewe kwa wakati. Maofisa wa Hazina Kuu wanaodhani kuchelewa kwa miezi miwili ni jambo dogo waje Kitui Desemba watazame mashamba.

Hazina ya dharura ipo kisheria, na kila kiangazi hufunguliwa. Nashukuru inapolisha watu. Lakini dharura ni jambo ambalo hukulitarajia, na Novemba tunaitarajia kila mwaka.

Vikao vya wananchi kuhusu bajeti hufanywa katika wadi zetu, na kawaida watu huulizia barabara, zahanati na basari. Mama ameniambia mwaka huu ataenda. Magoti yanamsumbua, hivyo atapanda bodaboda. Swali lake ameshaliandaa, na nilipompigia Jumapili alinisomea kwa simu: "Mbegu zitafika kabla ya tarehe ngapi ya Oktoba, na ni nani ataandika hiyo tarehe chini?"